Studio ni yangu, lakini Jumamosi siipati

Shikamoo Anti,

Nina miaka 29 na ni mpiga picha hapa Moshi. Mwaka jana nilikodi fremu Soweto, chumba kimoja cha mita nne kwa tano. Nikakipaka rangi nyeupe, nikafunga bomba la kuning'iniza karatasi za bakgraundi, nikanunua flashi mbili, softboksi mbili (maboksi ya kitambaa ya kulainisha mwanga) na meza ya kupambia. Kodi ni 180,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hela zote zilitoka kwangu, isipokuwa kiasi nilichoongezewa na mama kutoka kwenye kikoba chao.

Kuna kaka mmoja ndiye aliyenifundisha kazi. Nilianza kwa kumbebea begi na kumshikia taa kwenye harusi, na kamera yangu ya kwanza aliniuzia yeye kwa mafungu bila kunisumbua. Yeye hana studio. Nilipofungua alikuja kunipongeza, akaomba awe anapigia wateja wake hapo pakiwa na nafasi. Nikamchongea ufunguo siku ileile. Sikumtajia bei, naye hakuuliza. Siku nyingine ananiachia elfu kumi mezani, siku nyingine nakuta chupa za soda tu.

Anti, sasa hivi Jumamosi zote ni zake. Saa kumi na mbili asubuhi bibi harusi na wasimamizi wake wameshafika, mpambaji kachomeka pasi na drayer, na mpaka saa nne hakuna pa kukanyaga. Wateja wangu nawaambia waje Jumapili mchana wakitoka ibadani. Umeme ninaoweka unaisha kabla ya wiki. Karatasi nyeupe imejaa nyayo za viatu. Softboksi moja nimeikuta imechanika na hakuna aliyesema neno. Lililoniuma kuliko yote ni la mwezi uliopita: nilikuta picha za send-off ya mteja wangu, kazi niliyoipiga mwenyewe na kuihifadhi kwenye kompyuta ya studio, ziko Instagram zikiwa na nembo yake. Nilipomuuliza akacheka, akasema, "Si nyumba moja hii?"

Tena kuna rafiki yangu niliyesoma naye, yuko Arusha. Anataka aweke milioni tatu tuwe wabia nusu kwa nusu, tuhamie chumba kikubwa upande wa Double Road, tutoboe dirisha kubwa la kaskazini kwa sababu amesoma kwamba mwanga wa kaskazini hautetereki. Anasema tukiwa wawili itakuwa rahisi kumtoa kaka.

Mama anasema mwalimu hafukuzwi, nivumilie. Desemba inakuja, watu watarudi nyumbani, na hapo ndipo ninapopata hela ya kodi ya mwaka mpya. Nimfukuze? Nikubali ubia? Au nifunge nibaki kupiga picha za nje tu?

Mpiga picha, Soweto

* * *

Marahaba mwanangu.

Usifunge, usimfukuze, na huo ubia usiukubali, angalau si kwa namna ulivyoletwa. Sasa nikueleze kwa nini, maana barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na imenigusa. Binti anayetoa kodi ya miezi sita mfukoni mwake halafu anawaambia wateja wake wasubiri Jumapili ili mwingine afanye kazi, huyo hakosi moyo. Amekosa ratiba na bei tu.

Ulipomchongea kaka ule ufunguo ulimpa vitu vitatu kwa mkupuo bila kujua. Ulimpa chumba, ukampa vifaa, ukampa na kazi zako zilizomo kwenye kompyuta. Kila kimoja kina sheria yake. Chumba kinagawanyika vizuri sana, kwa sababu saa ambayo wewe hupigi picha inapotea bure. Vifaa vinaazimishwa kwa masharti. Picha za wateja hazigawanywi kabisa, hata na ndugu wa tumbo moja.

Tuanze na hizo picha, maana hapo ndipo sioni pa kubembelezana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi kuwa ni yule aliyeiumba kazi. Chumba kiwe cha nani, kompyuta iwe ya nani, aliyepiga ni wewe, na nembo ya mtu mwingine haibadilishi hilo. Halafu yupo yule dada wa send-off mwenyewe. Sura yake ni taarifa yake, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, wewe uliyezipokea na kuzihifadhi picha zake una wajibu wa kuzilinda. Siku akiuliza nani kazirusha, atakuuliza wewe, siyo kaka. Kwa hiyo leo, usingoje kesho, hamisha kazi zako zote kwenye diski ya nje uende nayo nyumbani, weka nywila mpya, na mtumie kaka ujumbe mfupi wa heshima ukimwomba aziondoe zile picha. Akishaziondoa, mpigie mteja wako umweleze kilichotokea kabla hajakisikia kwa watu. Kuanzia sasa kila anayepiga hapo anakuja na kompyuta au diski yake na anaondoka nayo.

Sasa Jumamosi. Wewe unaona aibu kumtajia kaka bei kwa sababu hata mwenyewe huijui. Tuitafute. Kodi 180,000. Umeme, kwa hali uliyoieleza, tuseme 40,000. Usafi na mchango wa mlinzi 30,000. Akiba ya vifaa, maana flashi inakufa na softboksi inachanika, 50,000. Hiyo ni 300,000 kwa mwezi. Studio ya mtu mmoja haipigi picha kutwa nzima. Ukijumlisha zako na za kaka, tuseme inatumika kwa kweli masaa 15 kwa wiki, yaani 60 kwa mwezi. Gawanya: kila saa inayopita mle ndani inakugharimu 5,000, hujapata faida hata senti. Bibi harusi anayekaa masaa manne na mpambaji wake amekula 20,000 zako. Zile elfu kumi unazokuta mezani hazizidi nusu ya gharama, na zile soda ndizo usiseme. Zidisha mwenyewe kwa Jumamosi za mwezi mzima uone unachotoa. Nina hakika kaka hajawahi kuipiga hesabu hii, kama wewe ambavyo hukuipiga.

Kuhusu umeme, usizilaumu taa. Taa ya LED ya wati 60 ukiiwasha masaa kumi mfululizo inakula uniti 0.6. Drayer ya wati 1,800 inakula uniti 0.6 hizohizo kwa dakika 20 tu. Pasi ya wati 1,000 ikivuta saa nzima ni uniti moja. Anayemaliza LUKU yako ni mpambaji, na huyo wala si mteja wako. Kwa hiyo usigombane na kaka kuhusu taa. Sema tu kwamba anayekuja na mpambaji ananunua uniti kwa namba ya mita kabla ya kuja, na tokeni inaingizwa asubuhi kabla pasi haijachomekwa. Ni jambo dogo, halina ugomvi, na mwisho wa mwezi utaona tofauti.

Na karatasi. Rola nyingi za studio zina upana wa mita 2.72 na urefu wa mita 11. Picha ya mtu mzima aliyesimama, karatasi ikishuka mpaka sakafuni na kutandazwa mbele yake, inachafua kama mita moja na nusu ukikata kwa uangalifu. Yaani rola nzima ni kazi saba hivi za kukanyaga. Gawanya bei uliyonunulia kwa 11, ujue bei ya mita moja, uiandike kwenye kibao ukutani. Anayekata analipia mita zake. Asiyetaka kulipa, wateja wake wavue viatu, au wafute soli kwa kitambaa chenye unyevu na zikauke kabla ya kupanda. Kwa picha za kuanzia kiunoni kwenda juu, ipandishe karatasi isifike chini kabisa. Wapiga picha wengi wanaitandaza kwa mazoea tu hata pale mteja anapotaka passport size.

Sasa tufike kwenye lililokutisha, kuongea naye. Mama yako amesema kweli, mwalimu hafukuzwi. Ila kumwambia mwalimu bei si kumfukuza, na kama yeye ni mfanyabiashara wa siku nyingi atalijua hilo kabla hujamaliza sentensi. Usimwandikie WhatsApp. Usimvizie Jumamosi akiwa na bibi harusi, utamwaibisha mbele ya wateja na hatakusamehe kirahisi. Mfuate katikati ya wiki, nyumbani kwake ikiwezekana, umsalimie na mkewe, ukae. Hamjafika mahali pa kupelekeana isale, lile jani la Wachagga la kuombana msamaha. Ni mazungumzo ya watu wawili wanaoheshimiana. Anza na shukrani, na iwe ya kweli: mtajie ile kamera ya mafungu. Halafu useme kitu kama hiki: "Kaka, nimekaa nikapiga hesabu nikaona kwa mwendo huu kodi inayokuja sitaiweza, na studio ikifungwa tutakosa wote. Kuanzia tarehe mosi nimeiwekea ratiba na bei. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na bei yako haitakuwa kama ya watu wengine." Kisha mpe karatasi aisome. Usiongeze maelezo. Kimya kikija, kiache kikae.

Ndani ya karatasi hiyo weka heshima yenye kipimo. Mimi ningempa asubuhi moja ya katikati ya wiki bila malipo, kila wiki, kwa sababu alikufundisha kazi, na ningeiandika hivyohivyo. Hiyo ni shukrani ambayo hata mama ataikubali. Masaa mengine alipe 5,000, ile bei ya gharama. Wengine wakija, walipe 8,000 siku za kawaida na 12,000 Jumamosi. Jumamosi za mwezi mgawane: mbili zake mpaka saa sita mchana, zinazobaki zako kutwa nzima, na kila mtu ajue tarehe zake mwezi mmoja mbele. Malipo yaingie kwenye simu kabla ya mlango kufunguliwa, maana hela ya kuachwa mezani ndiyo iliyotufikisha hapa. Na ufunguo urudi kwako. Anayekodi anafunguliwa na kufungiwa.

Ile softboksi iliyochanika, isamehe. Kumdai mtu kitu ambacho hamkuwahi kukubaliana ni kuanza upya kwa ugomvi. Lakini jioni ya kabla ya tarehe mosi, piga picha kila kifaa, kila stendi, kila pembe ya softboksi, kioo cha kila lenzi unayoiacha pale. Hizo picha ndizo zitakazosema kifaa kilikuwaje. Kinachovunjika baada ya hapo aliyekuwa na zamu anakitengeneza, na iandikwe. Lenzi usiiache wazi juu ya meza wakati wa masika, Machi mpaka Mei. Unyevu unaziotesha ukungu ndani na fundi wa kuusafisha bila kuharibu kioo si wa kumpata kila mtaa. Boksi lenye mfuniko wa kubana na pakiti za silika za kunyonya unyevu linatosha.

Akikataa? Inawezekana. Anaweza kukasirika, akasema umeota mapembe. Umwambie unamheshimu, na ratiba inaanza tarehe ileile. Kama hajarudisha ufunguo mpaka siku hiyo, badilisha kitasa, umjulishe kuwa umekibadilisha. Wengi wanarudi baada ya wiki chache, kwa sababu bibi harusi wa Jumamosi anahitaji kioo, meza na choo, na vitu hivyo havipatikani chini ya mti.

Nije kwa rafiki yako wa Arusha. Simjui na sina sababu ya kumdhania vibaya. Ila ukisema ubia, umesema jambo zito. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema wabia wasipokubaliana vingine wanagawana faida sawa na hasara sawa, na deni ambalo mmoja ameliingia kwa ajili ya biashara linawafuata wote. Yeye analeta milioni tatu. Wewe unaleta vifaa, wateja, jina ulilolijenga, na mwili wako mle ndani kila siku, maana yeye yuko kilomita 80 kutoka hapo na Jumatano saa mbili asubuhi hatakuwepo kumfungulia mtu. Nusu kwa nusu ya nini? Zaidi ya hapo, sababu aliyokupa ndiyo inayonitia wasiwasi. Anakwambia mkiwa wawili itakuwa rahisi kumtoa kaka. Usiuze nusu ya biashara yako ili mtu akusaidie mazungumzo ya nusu saa. Kama ana hela na anapenda kazi hii, anunue taa zake nzuri, aziache studio kwa maandishi kuwa ni zake, na akija Moshi apige kwa bei ya gharama kama kaka. Mkikaa hivyo mwaka mzima bila kugombana, mzungumze ubia mkiwa mnajuana kwenye fedha.

Chumba kikubwa nacho usikikimbilie. Pima ulichonacho. Ili mtu aliyesimama aenee na nafasi kidogo juu na chini, lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fulfremu, ile yenye sensa kubwa ya kunasa picha, inahitaji umbali wa karibu mita tatu. Mweke mita moja na nusu mbele ya karatasi ili kivuli chake kisiangukie nyuma. Jumla ni mita nne na nusu, na chumba chako kina tano, kwa hiyo unabaki na pa kusimama. Kama kamera yako ni ya sensa ndogo, lenzi ya 50 itakusukuma mpaka ukutani, tumia ya 35. Kinachokushinda hapo ni picha ya ukoo mzima, kwa sababu upana wa mita 2.72 unabeba watu sita wakibanana. Lakini mwanangu, ukoo wa Desemba unaufuata wenyewe. Watu wanaotoka Dar es Salaam na Mwanza kuja Kibosho, Machame au Marangu wanataka picha wakiwa na bibi yao mbele ya nyumba, kihambani, migomba nyuma. Hiyo ni kazi ya nje yenye bei nzuri na haihitaji Double Road.

Na dirisha la kaskazini ni ushauri wa watu wa Ulaya, ambako jua la mchana halipiti kaskazini hata siku moja. Moshi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini mwetu, na mwezi wa Juni ndipo linapoinama huko zaidi, litaingia kwenye dirisha hilo moja kwa moja. Desemba linahamia kusini. Hapa kwetu hakuna upande mmoja wenye kivuli mwaka mzima. Pazia jeupe jepesi kwenye dirisha ulilonalo litakulainishia mwanga kwa hela kidogo, na hutakuwa umetoboa ukuta wa nyumba isiyo yako.

Fuata mpangilio huu. Kabla ya kwenda kwa kaka, nenda kwa mwenye nyumba na mkataba wako mkononi. Mikataba mingi ya fremu inakataza kumpangishia mtu mwingine bila idhini, na jina lililomo ni lako peke yako. Mtu akiwa na kinyongo hapo ndipo atakapopita. Mweleze kuwa unawakodishia wapiga picha wenzako kwa masaa, chumba bado unakilipia wewe, na umwombe akuandikie mistari miwili na sahihi. Hela zitakazoingia ziandike kwenye mapato yako, kwa kuwa TIN na leseni ni vyako. Halafu ndiyo uende kwa kaka. Kazi za Desemba anza kuzipokea sasa, kwa advansi ya nusu, na ile ratiba mpya iwe imeshabandikwa mlangoni kabla mabasi hayajaanza kushusha watu stendi.

Msalimie mama, na umrudishie hela yake ya kikoba kwanza.